Mizani ya Pamba Mwanza na Hatari ya Kuamini Kilichoandikwa

Katika Jimbo la Ziwa, ambalo makao yake makuu wakati wa ukoloni yalikuwa Mwanza, mnunuzi wa pamba ndiye aliyeshika mizani, akasoma uzito na kuuandika kwenye hati, na mkulima alilipwa kwa kilichoandikwa, si kwa kilichokuwamo guniani. Malalamiko ya kupunjwa yaliwasukuma wakulima kuweka wapimaji wao wa kuhakiki, kisha vyama vya msingi, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama hivyo, Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Hata hivyo mizani ilihama mikono tu: kamati ya rais ya mwaka 1966 ilikuta udanganyifu ndani ya ushirika wenyewe.

Hatari hiyo ya kufuata kilichoandikwa bila kukihakiki ipo pia katika programu za akili unde zinazoandika msimbo. Mara nyingi programu hizo hufungiwa kizimbani, yaani katika mazingira yanayozizuia kugusa sehemu nyingine za kompyuta, lakini huachiwa folda ya kazi. Zikibadilisha humo faili ya mipangilio, au hati ya amri ambayo Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, huiendesha yenyewe, amri iliyoandikwa humo huweza kutekelezwa baadaye nje ya kizimba, kwa mamlaka kamili ya mwenye kompyuta. Faili za namna hiyo zizuiwe kuandikwa, au mabadiliko yake yasomwe na mtu kabla ya folda kutumika.