Sugu ya Begani

Bega la kulia la babu yangu lilikuwa na sugu pana kama kiganja cha mtoto. Ilikuwa ngumu, inang'aa, ukiigonga kwa ukucha inalia. Miaka ya 1950, nikiwa msichana mdogo hapa Tabora, nilikuwa nikimsugua mgongo kwa dodoki kila jioni, na mkono ukifika pale aliniambia, "Sugua kwa nguvu, mjukuu wangu, hapo hapaumi." Kwenye muundi wa mguu wa kushoto alikuwa na alama nyingine: kovu jembamba kama karatasi, halina hata unywele mmoja. Hapo hakutaka paguswe.

Alama hizo mbili ndizo zilizonipeleka kwenye uuguzi. Nimefunga vidonda vya watu kwa zaidi ya miaka 30, na hata sasa nikiwaza historia ya mji wetu huanzia begani na muundini kwa babu.

Alikuwa mpagazi ujanani mwake, kabla reli ya kutoka Dar es Salaam haijafika Tabora mwaka 1912. Kutoka Bagamoyo hadi hapa ni kilomita zipatazo 800; ukiendelea hadi Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, zinakuwa kama 1,200. Misafara ilifika Tabora kwa miezi mitatu hivi, pengine zaidi. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Kuja bara walibeba marobota ya merikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba. Kwenda pwani walibeba pembe za ndovu. Mnyamwezi hakupenda kujitwika kichwani. Mzigo wake ulikaa begani.

Mwingereza Richard Burton, aliyefika hapa Novemba 1857 mji ukiitwa Kaze, aliuona mpango wa msafara. Mbele alitangulia kirangozi, nyuma yake wabeba pembe, ndio waheshimiwa wa safari, kengele ya ng'ombe ikining'inia kwenye ncha ya pembe. Ilikuwa kazi ya ujira. Watu walipatana malipo ya vitambaa na posho ya njiani, na tajiri aliyepunja aliweza kuamka asubuhi akakuta mizigo iko chini na wapagazi wamekwenda zao. Wavulana walianza na mizigo midogo, na kijana aliyekwenda pwani akarudi alihesabiwa mwanamume.

Yote hayo yalikaa juu ya kipande kidogo cha ngozi. Niliposoma uuguzi ndipo nilipoelewa kilichokuwa kikitendeka pale begani. Tabaka la chini kabisa la ngozi ya juu lina seli ziitwazo seli shina. Kwetu sisi watu wa miombo jina hilo halihitaji maelezo marefu: mti ukikatwa na shamba likichomwa, mvua zikinyesha kisiki huchipua, kwa kuwa shina li hai. Seli shina hugawanyika; nyingine hubaki palepale chini kuendelea kuzaa, nyingine husukumwa juu. Zikipanda hujaa keratini, ile protini ya kucha na nywele, kisha hufa, hushikamana kuwa ganda, na mwisho hupukutika. Safari yao kutoka chini hadi kupukutika huchukua mwezi mmoja na siku kadhaa.

Kwa hiyo mtu aliyetoka Tabora na pembe begani alifika Bagamoyo akiwa amekwisha kubadili ngozi ya juu yote, na bado sugu ilikuwa mahali pake. Mzigo ukigandamiza na kusugua sehemu ileile siku baada ya siku, seli za chini huzaliana upesi na ganda hujengeka haraka kuliko linavyopukutika. Sugu ilikuwa jibu la mwili kwa mzigo, nayo ilipaswa kujengwa upya kila siku ya safari.

Muundini ilikuwa habari nyingine. Kati ya Ugogo na Unyamwezi njia ilipita Mgunda Mkali, pori kubwa la vichaka, maji yake haba. Mchubuko mdogo wa mwiba kwa mtu mwenye njaa na uchovu uliweza kugeuka donda ndugu. David Livingstone alilijua. Mwaka 1870, huko Bambarre katika nchi ya Manyema, vidonda vya miguu vilimfungia ndani siku zipatazo 80. Aliandika kwamba usiku katika kambi za watumwa kilisikika kilio cha wenye vidonda vile, vinavyokula nyama, mishipa, hata mfupa. Dawa iliyomfaa ilikuwa jiwe la kijani la shaba, lililosagwa kwa maji na kupakwa kwa unyoya. Mwezi Februari 1872 alifika Kwihara, nje kidogo ya mji wetu, pamoja na Henry Stanley. Tembe walimokaa leo ni makumbusho.

Mchubuko wa juu hupona kutoka pande mbili. Seli hutambaa kutoka kingo za kidonda, na nyingine hupanda kutoka kwenye mashina ya nywele, ambamo pia mna seli shina. Mara nyingi nimeona vidoa vya ngozi mpya vikitokeza katikati ya kidonda kama visiwa. Ndiyo maana niliwafundisha wauguzi vijana kulowesha shashi iliyokauka kabla ya kuibandua: ukiivuta kwa nguvu unang'oa visiwa. Donda ndugu hushuka chini ya mashina ya nywele, likang'oa visiki vyenyewe. Hapo zimebaki kingo peke yake, na katikati mwili huziba kwa kovu lisilo na nywele wala jasho.

Mwaka 1975, huko Marekani, James Rheinwald na Howard Green walieleza jinsi ya kuotesha seli za ngozi ya binadamu katika maabara, na miaka michache baadaye ngozi ya namna hiyo ikafunika watu walioungua. Iliokoa maisha, lakini haikuota nywele. Mwaka 2012 watafiti walieleza panya wa Kenya wenye manyoya kama miiba, ambao ngozi yao huchanika kirahisi kisha hurudi na nywele zake zote. Nilipozisoma habari hizo niliukumbuka ule muundi.

Baada ya reli kuja babu aligeuka mrina asali, akabeba asali kutoka porini kwa bega lilelile hadi uzeeni. Kisha akaugua, akalala kitandani miezi mingi. Nilipokuwa nikimwosha niliona sugu inalainika na kubanduka vipande vipande, hata siku moja sikuikuta. Nilimwambia. Akapapasa bega kwa mkono wa kushoto, kimya, muda mrefu.

Tabora inakumbukwa kwa biashara ya watumwa, na ni haki. Kovu lile lisifunikwe. Lakini maelfu ya watu huru walioshika njia ileile kwa ujira na kwa fahari yao wanatajwa kidogo sana, maana mzigo ulipokoma na alama yao ilipukutika. Babu alizikwa na kovu lake muundini. Bega lilikuwa laini kama la mtoto, na asiyemjua asingedhani lilipata kubeba kitu.