Mchanga Usio na Bei

Anayepanga likizo ya Phuket huanza na kalenda, na kalenda ya Phuket ni ya upepo. Kuanzia Novemba hadi Aprili bahari ya Andaman hutulia, maji huwa safi hata chini kukaonekana, na mashua za mkia mrefu huvusha wageni visiwani kutwa nzima. Ifikapo Mei upepo hugeuka. Huvuma kutoka kusini-magharibi hadi Oktoba, mawimbi yakapiga fukwe za Patong, Karon na Kata, bendera nyekundu zikapandishwa kuwakataza waogeleaji, na bei za vyumba zikashuka. Kisiwa cha Samui, kilicho upande wa pili wa rasi katika Ghuba ya Thailand, kina hesabu yake mbali: huko mvua kubwa hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, wakati Phuket inapoanza kuanuka. Wenye kuuza safari huzungumzia msimu wa juu na msimu wa chini. Mtu wa Lamu au wa Pemba hahitaji kufasiriwa: hizo ni kaskazi na kusi, pepo za bahari hii hii moja, zinazomfikia Mthai kwa pembe nyingine tu.

Walikuwapo waliopanga safari za Phuket kwa upepo huo huo kabla hajazaliwa mtalii. Mabaharia wa Kimalei walikiita kisiwa Ujong Salang, yaani ncha ya Salang. Wazungu wakalisikia jina hilo kwa masikio yao, wakaandika katika ramani zao Junk Ceylon, na kwa jina hilo la makosa kisiwa kikajulikana Ulaya kwa zaidi ya miaka mia mbili. Wenyeji walikiita Thalang. Kilichowavuta wageni kilikuwa bati, madini yaliyolala karibu na uso wa ardhi hata mtu aliweza kuyapata kwa jembe na karai. Waholanzi waliyagombania katika karne ya 17. Baada yao wakaja Wafaransa, na mfalme Narai wa Siamu alimteua Mfaransa mmoja wa jumuiya ya wamisionari, René Charbonneau, kuwa liwali wa kisiwa tangu 1681 hadi 1685. Mapinduzi ya 1688 yalipowatoa Wafaransa katika Siamu, jenerali wao Desfarges alikwenda kukikalia kisiwa mwaka 1689, akakaa muda mfupi, akaondoka mikono mitupu. Katika habari zote hizo za mikataba na manowari, ufukwe hautajwi ila kuwa mahali pa kutia nanga na kuteka maji. Thamani ya kisiwa ilikuwa bara, chini ya miti.

Mgeni anayetoka uwanja wa ndege kuelekea mjini hupita mzunguko wa barabara wenye sanamu ya wanawake wawili walioshika panga. Wengi hupita wakitazama simu zao. Ni Chan na Muk, ndugu wawili wa nyumba ya utawala ya Thalang. Mwaka 1785 majeshi ya Burma yalishuka pwani yote ile, na Phuket haikuwa na liwali: mume wa Chan, aliyekuwa ameshika cheo hicho, alikuwa amefariki karibuni. Nahodha Mwingereza Francis Light, mfanyabiashara aliyekaa kisiwani miaka mingi, ndiye aliyepeleka habari kwamba Waburma wanakuja. Ndugu hao wawili wakakusanya watu ngomeni, na yasimuliwa kuwa waliwavisha wanawake mavazi ya askari wakawapitisha huku na huko mbele ya macho ya adui, ili jeshi dogo lionekane kubwa. Mazingira yalivunjika mwezi Machi mwaka huo. Mfalme Rama wa Kwanza akawapa vyeo, na kwa vyeo hivyo, Thao Thep Krasattri na Thao Si Sunthon, wanatajwa hata leo.

Sanamu, hata hivyo, humwonyesha shujaa siku ya ushindi tu. Yaliyofuata yamo katika barua. Chan alimwandikia Light baada ya vita, na barua za Thalang zimehifadhiwa katika maktaba ya chuo cha SOAS mjini London, chuo kile kile kilichohifadhi hati nyingi za tenzi za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Ndani ya barua hizo mna mjane anayeeleza kuwa nchi imeharibika na mchele hakuna, naye anaomba aletewe chakula, akitaja bati kuwa ndiyo malipo. Asomaye barua hizo humjua Chan kuliko atazamaye shaba. Light mwenyewe mwaka 1786 alikwenda kuasisi mji wa Penang, na biashara nyingi ikamfuata huko. Waburma walirudi mwaka 1809, na safari hiyo waliuteketeza mji wa Thalang.

Kisiwa kilichofufuka katika karne ya 19 kilikuwa kisiwa cha Wachina. Walikuja kwa maelfu, wengi wao wa Hokkien, kuchimba bati, na nyumba za maduka zenye baraza za matao ambazo mtalii hupiga picha katika mji mkongwe wa Phuket zilijengwa kwa fedha ya madini hayo. Mwaka 1876 wachimbaji waliasi, wanakijiji wakakimbilia hekalu la Chalong. Mwaka 1907 nahodha Edward Miles, Mwaustralia, alileta katika ghuba ya Tongkah chombo kilichokuwa na mnyororo wa ndoo za chuma, kikachota bati chini ya bahari. Ndiyo mara ya kwanza bahari yenyewe kuchimbwa. Basi hata pwani ilipoanza kutazamwa, ilitazamwa kwa kilichofichwa chini yake.

Na mchanga wenyewe? Palikuwa na watu waliokaa juu yake. Wathai wa kusini huwaita Chao Le, watu wa bahari. Wenyewe hujigawa, wakiwamo Urak Lawoi na Moken. Ni wavuvi na wapiga mbizi, na Moken kwa vizazi vingi waliishi ndani ya mashua sehemu kubwa ya mwaka, wakipanda visiwani kusi inapochafuka. Lugha zao ni za ukoo mmoja na Kimalei, na kwa mbali na Kimalagasi. Msomaji wa pwani yetu atakumbuka kwamba wapo wanazuoni wanaoamini kuwa matengo ya ngalawa zetu yalivuka bahari pamoja na watu wa ukoo huo. Kusini mwa Phuket, pale Rawai, na katika vijiji vya Sapam na kisiwa cha Siray, vijumba vyao vilisimama mchangani pasipo ua. Upande wa magharibi, Kamala na Bang Tao, palikuwa na vijiji vya Waislamu wenye minazi na nyavu. Hapana tajiri wa bati aliyewaonea wivu. Mchanga ule haukuwa na bei.

Kosa, kama kosa ndilo neno lake, lilifanyika mapema, wakati hakuna aliyedhani lina madhara. Sheria ya ardhi ya Thailand ya mwaka 1954 iliwataka wote waliokuwa wakikalia ardhi watoe taarifa serikalini ndani ya siku 180. Mwenye shamba la mpira alikwenda, na mwenye mgodi vilevile. Mtu wa bahari, asiyejua kusoma na ambaye mashua yake ndiyo nyumba yake nusu ya mwaka, hakwenda. Angeandikisha nini? Bahari? Siku zilipokwisha, palikuwa na watu waliozika wazee wao mahali ambapo kwa karatasi hawakuwapo. Wengine wakaandikisha sehemu za pwani hiyo kwa majina yao, na karatasi hizo zikalala masandukuni kwa miaka, zikingoja.

Hazikungoja sana. Mwaka 1967 daraja la Sarasin lilifunguliwa, kisiwa kikaungana na bara. Vijana wa Kizungu wenye mabegi mgongoni wakaanza kuja kulala katika vibanda vya makuti, na uwanja wa ndege ukawaleta wenzao wenye fedha zaidi. Oktoba 1985 baraza la kimataifa lililokuwa likishikilia bei ya bati lilifilisika, na bei ya madini ikaanguka duniani kote. Juni 1986 umati wa watu wa Phuket ulikichoma moto kiwanda cha kusafisha tantali, madini yanayotolewa katika mabaki ya bati, kilipokuwa karibu kufunguliwa. Waliogopa sumu yake, na waliogopa pia kwamba moshi ungewafukuza wageni. Ni ajabu ya historia kwamba kisiwa kilichoishi kwa madini karne nyingi kilichoma mrithi wa madini hayo ili kuulinda ufukwe. Wakati huo mchanga ulikuwa umekwisha kupata bei, na masanduku yakafunguliwa.

Kisha ikaja tarehe 26 Desemba 2004. Ilikuwa Jumapili, siku ya pili ya Krismasi, bahari imetulia kwa utulivu wa kaskazi, na kwa sababu hiyo hiyo fukwe zilijaa. Katika Thailand walikufa watu zaidi ya elfu tano, karibu nusu yao wageni, na jimbo la Phang Nga kaskazini ya Phuket ndilo lililopigwa vibaya kuliko yote. Wimbi halikuishia huko. Kwa muda wa saa saba hivi lilivuka bahari yote, likaua mamia Somalia, watu wapatao kumi Tanzania, na mtu mmoja Kenya, ambako habari ilitangulia wimbi na fukwe zikahamishwa. Pwani mbili zilizozoea kuletewa upepo mmoja zililetewa msiba mmoja kwa siku moja.

Lakini katika visiwa vya Surin, kijiji kizima cha Moken kilifagiliwa, na karibu watu wake wote wakawa hai. Wazee walikuwa na hadithi ya laboon, wimbi linalokula watu, ambalo kabla ya kuja huyanywa maji ya pwani. Walipoona bahari inarudi nyuma kwa namna isiyo ya kupwa, walipiga kelele, wakapandisha watu mlimani, watalii wakiwamo. Hadithi hiyo haikuwa imeandikwa popote. Watu waliopoteza haki ya ardhi kwa kutokuwa na maandishi waliokolewa na fasihi simulizi, na kwa wapenzi wa ushairi habari hii ina uzito kuliko sanamu nyingi.

Haikuwaokoa na karatasi, lakini. Katika baadhi ya vijiji vya Phang Nga, manusura waliporudi kutafuta maiti za jamaa zao walikuta watu wenye hati wamekwisha kuwazuia wasijenge. Tarehe 2 Juni 2010 baraza la mawaziri la Thailand lilipitisha azimio la kuhifadhi maisha ya watu wa bahari, pamoja na makazi yao. Azimio si hati miliki. Januari 2016 pale Rawai, watu wa mwenye kudai ardhi walileta mawe makubwa kuziba njia iendayo kwenye mahali patakatifu pa wanakijiji, na wanakijiji wakajeruhiwa. Mwaka 2017 mahakama ilitupilia mbali dai moja la kuwahamisha baadhi yao. Katika mabishano hayo ushahidi ulitoka mahali pasipotarajiwa: mifupa ya wazee iliyofukuliwa chini ya kijiji, na picha za ziara ya mfalme Bhumibol hapo Rawai mwaka 1959, nyuma yake wakionekana watu na minazi ambayo kwa mujibu wa karatasi haikuwapo. Kesi nyingine ziliendelea.

Hata Wathai wenyewe, ambao sheria yao huufanya ufukwe kuwa mali ya wote, wameonja ladha hiyo. Mwanzoni mwa 2024 daktari mmoja wa kisiwani alikuwa ameketi usiku kwenye ngazi iliyoshuka pwani ya Yamu kutoka nyumba ya kifahari, akasema amepigwa teke na mgeni aliyeikodi. Mamia wakaenda kuketi pale pale kwa maandamano. Ngazi ilipopimwa ilionekana imesimama katika ardhi ya umma, ikabomolewa. Na ghuba ya Maya, katika visiwa vya Phi Phi, iliyojulikana dunia nzima kwa filamu ya mwaka 2000, ilifungwa Juni 2018 kwa kuwa matumbawe yake yalikuwa yamekwisha kufa kwa nanga na miguu ya watu; ilifunguliwa Januari 2022, na tangu hapo hufungwa Agosti na Septemba. Kisiwa nacho kikapewa likizo.

Basi anayepanga safari ana miezi ya kuchagua. Wengi huchagua Desemba na Januari, na haki yao, maana bahari ni nzuri. Ila Urak Lawoi nao wana kalenda, nayo husimama kwenye tangambili, pale upepo mmoja unapokwisha na mwingine haujashika. Katika mwezi mpevu wa mwezi wa sita na wa kumi na moja kwa hesabu ya mwandamo, yaani karibu na Mei na Oktoba, msimu wa bei nafuu, hukusanyika kuunda mashua ya miti mepesi. Kazi huchukua siku nzima, na ngoma hupigwa usiku kucha. Kila mtu hutia ndani vipande vya kucha na nywele zake, na visanamu vya watu vilivyochongwa kwa mti, ili mashua ichukue maradhi na mikosi ya nusu mwaka uliopita. Alfajiri huivusha hadi maji makuu na kuiachia. Pale Rawai mgeni akiamka mapema aweza kuwaona wamesimama mchangani, macho yakiifuata, hadi upepo mpya uishike.