Karema: Nchi Yake, Mambo Yake ya Kale na Watu Wake

Jimbo la Mpanda lilizaliwa mwaka 2000, lilipotengwa na Jimbo la Sumbawanga. Lakini mizizi yake ni ya zamani kuliko jina lake. Atakaye kuiona mizizi hiyo na aende Karema, kijiji kilicho ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, yapata kilomita 120 toka Mpanda mjini, upande wa machweo ya jua. Karema si mji mkubwa, wala hapakuwa na soko la kusifiwa kama Ujiji. Hata hivyo habari zake zimeandikwa katika vitabu vya Ulaya tangu kale, na inafaa sisi wenyewe tuzijue kuliko wageni.

I. Nchi

Karema imekaa katika uwanda, mbele yake maji, nyuma yake milima. Upande wa kaskazini, mbali, iko milima ya Mahale, makao ya sokwe. Upande wa kusini huanza nchi ya juu ya Ufipa. Ng'ambo ya ziwa ni nchi ya Kongo, na siku ya anga safi milima yake huonekana kama wingu la buluu. Ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kina chake chapita mita 1,400. Katika Afrika yote hakuna ziwa lenye kina kama hicho. Watu wa ufukoni hulima mpunga, mahindi na mihogo, na usiku huvua dagaa na migebuka kwa mwanga wa taa.

Tena ziwa hili lina tabia yake. Maji yake hupanda na kushuka, si kwa siku bali kwa miaka. Mto mmoja tu, Lukuga, huyatoa maji yake kwenda Kongo. Zamani mlango wa mto ule ulizibwa na matope na majani, maji yakajaa. Yapata mwaka 1878 kizuizi kikabomoka, na kabla ya karne ile kwisha maji yalikuwa yameshuka karibu mita 10. Neno hili msomaji alishike moyoni, maana ndilo lililowapata wajenzi wa kwanza wa ngome.

II. Ngome

Mwezi wa Septemba 1876 Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, aliwaita mjini Brussels wataalamu na wasafiri wa mataifa mengi, wakaunda chama cha kuchunguza Afrika ya kati. Walisema shabaha yao ni elimu na kukomesha biashara ya utumwa. Lakini yaliyotokea Kongo baadaye yalionyesha kwamba mfalme alikuwa na tamaa nyingine pia. Mwaka 1879 mjumbe wa chama hicho, Kapteni Cambier, alifika Karema baada ya safari ndefu ya kutoka pwani, akaanza kujenga ngome juu ya kilima karibu na maji.

Mwaka ule ule walileta kutoka Bara Hindi tembo wanne waliofugwa, ili waone kama wanyama hao waweza kuchukua mizigo badala ya wapagazi. Jambo hilo halikufaulu: tembo walikufa mmoja baada ya mwingine, na mwaka 1880 Bwana Carter aliyewaongoza aliuawa Mpimbwe, pamoja na mwenzake Cadenhead, katika vita vya Mtemi Mirambo. Basi mizigo ikarudi vichwani mwa wapagazi kama kwanza. Majina ya tembo wale yameandikwa vitabuni. Ya wapagazi ni machache sana.

Nayo ngome ikapatwa na jambo la ajabu. Cambier alijenga karibu na maji, lakini maji yakaondoka. Mwaka kwa mwaka ufuko ukaenda mbali, kilima kikabaki katikati ya nchi kavu na matope. Mkubwa mmoja wa ngome, Kapteni Ramaeckers, alifia hapo mwaka 1882. Aliyemfuata, Storms, alivuka ziwa mwaka 1883 akaanzisha kituo cha Mpala.

Baada ya mkutano wa Berlin, uliomalizika mwaka 1885, upande wa mashariki wa ziwa ulihesabiwa kuwa wa Wadachi, na mfalme Leopold akageuza uso wake kwenda Kongo. Mwaka ule ule aliikabidhi ngome ya Karema kwa Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie. Hivyo nyumba iliyojengwa kwa bunduki ikawa nyumba ya sala na shule.

III. Misioni

Mwanzo ulikuwa mgumu. Askofu wa kwanza, Charbonnier, alipewa uaskofu mwaka 1887 huko Kipalapala karibu na Tabora, akafa Karema mwezi wa Machi 1888, hata mwaka haujatimia. Aliyefuata, Bridoux, alifariki mwaka 1890. Ndipo akaja Askofu Lechaptois, aliyeongoza toka 1891 hata alipofariki Karema mwaka 1917. Katika siku zake misioni zilienea Ufipa, na hapo Karema likaanzishwa shirika la masista wa Kiafrika, Masista wa Maria Malkia wa Afrika, ambao hata leo wanafundisha na kuuguza.

Lakini Wakristo wa kwanza wa Karema walikuwa nani? Hapa ndipo penye jambo zito. Wengi wao walikuwa watoto na vijana waliokombolewa utumwani: walionyakuliwa ng'ambo ya ziwa au vitani, wakanunuliwa na mapadre, wakalelewa misioni, wakaoana wao kwa wao, wakajenga kijiji. Hawakuwa na mjomba wala shangazi wa kuwaozesha; wengine hawakulijua tena jina la baba zao.

Wako waliouliza, na swali lao ni la haki: Je, kumnunua mtumwa si kumtajirisha anayemwuza? Ni kweli kwamba fedha ya ukombozi iliingia mkononi mwa mwuzaji, naye aliweza kurudi kuteka wengine. Tena mtoto yule hakuulizwa anataka kwenda wapi. Lakini yule aliyefungwa kamba shingoni hakuweza kungoja mpaka mataifa yapatane. Lavigerie mwenyewe aliona kwamba kukomboa mmoja mmoja hakutoshi, na mwaka 1888 alizunguka Paris, London na Brussels akihubiri kwamba biashara yenyewe ivunjwe. Mambo yote mawili yalihitajiwa: kufungua kamba ya huyu, na kuufunga mlango wa soko.

Mmoja wa waliokombolewa ni lazima atajwe. Adrien Atiman aliibiwa utotoni karibu na mto Niger, akavushwa jangwa la Sahara, akakombolewa na mapadre Algeria, akasomeshwa uganga kisiwani Malta. Alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880, naye hakuondoka tena. Aliwatibu watu kwa zaidi ya miaka 60, akifundisha dini pamoja na kufunga vidonda, akajifunza pia dawa za wenyeji. Alioa mwanamke wa Kibende, na mwana wao Joseph akapata upadre. Atiman alifariki Karema mwaka 1956. Mtu aliyeporwa nchi yake aliifanya nchi ya wengine kuwa yake.

IV. Watu

Wenyeji wa nchi hii ni Wabende, na jirani zao Watongwe, Wapimbwe, Wakonongo na Wafipa. Kwa njia ya ziwa walikuja pia Waholoholo na Wamanyema. Ugonjwa wa malale uliwasumbua sana. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wengi kutoka vijiji vya porini, ikawakusanya mahali pamoja ili mbung'o wasiwaangamize. Vijiji vingi vya zamani vikarudi kuwa mwitu.

Tangu 1946 Vikarieti iliitwa kwa jina la Karema, na mwaka 1953 ikawa Jimbo. Lakini watu wengi walikuwa Ufipa, na mwaka 1969 jina likawa Sumbawanga. Mpanda nayo ilipata reli ya kutoka Kaliua mwaka 1950, kwa ajili ya machimbo ya risasi. Karema ikabaki kando, ikitegemea mitumbwi na meli ya Liemba.

Nchi yetu haikuacha kupokea wageni. Toka 1972 wakimbizi wa Burundi walikaa Katumba, na baadaye Mishamo. Mwaka 2014 watu wapatao 162,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu walithibitishiwa uraia wa Tanzania. Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012, na sensa ya mwaka ule ilihesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ilihesabu 1,152,958. Katika miaka kumi tumekuwa mara mbili na zaidi!

V. Neno kwa Waalimu

Sasa serikali imejenga bandari Karema, na macho ya wafanyabiashara yamerudi huko. Ni jambo la kushukuru. Lakini wajenzi wakumbuke ngome ya Cambier: ziwa lililoondoka laweza kurudi. Mwaka 2024 maji yaliingia katika nyumba za watu Bujumbura na Kalemie; na mwaka huo huo uvuvi ulisimamishwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Maji na samaki si mali ya kizazi kimoja.

Nanyi waalimu, wafundisheni watoto majina ya maaskofu na makapteni, ni vema. Lakini msiishie hapo. Waulizeni wazee: bibi yako alitoka wapi? Nani alimpokea? Andikeni majina hayo katika daftari ya shule kabla wazee hawajalala. Mkoa uliojaa watu wapya kila mwaka una haja ya kujua kwamba misioni yake ya kwanza ilijengwa na watoto wasio na kwao, na wenyeji waliokubali kukaa nao. Mwenye kujua hayo hatamwita jirani yake mgeni kwa dharau.