Dhahabu ilikwenda Ureno, neno likabaki

Miaka kadhaa iliyopita nilizuru Ouro Preto, mji wa milimani katika jimbo la Minas Gerais, Brazil. Mji huo uliasisiwa mwaka 1711 kwa jina Vila Rica, yaani mji tajiri. Jina la sasa lina maana ya dhahabu nyeusi. Mwenyeji wangu alinionyesha makanisa yaliyonakshiwa kwa dhahabu, akanieleza jinsi mfalme wa Ureno alivyotwaa sehemu moja kwa tano ya kila kilichochimbwa.

Barabara za mawe, miteremko mikali, magoti yakanishinda. Tulipoketi kupumzika nikaona kibao dukani: Quitanda. Hutamkwa “kitanda”. Nikauliza, eti hapa wanauza vitanda? Mwenyeji akacheka. Katika jimbo lile, quitanda ni vitafunio vya kuokwa vya kuteremshia kahawa. Kwingineko Brazil ni genge la mboga na matunda.

Neno hilo asili yake ni Kimbundu, lugha ya Kibantu ya Angola, ambako kitanda ni soko. Walilivusha bahari watumwa. Wanawake weusi, wengine watumwa na wengine waliokwisha kuachwa huru, walikwenda migodini na masinia ya vyakula kuwauzia wachimbaji. Serikali ya kikoloni iliwapiga marufuku mara kwa mara, ikishuku kwamba dhahabu ilitoroshwa kupitia masinia hayo.

Si Wabantu pekee waliopelekwa huko. Wengine walitoka pwani ya Mina, Afrika Magharibi. Mwaka 1741, papo hapo Vila Rica, Mreno António da Costa Peixoto aliandika kitabu cha msamiati na misemo ya lugha yao, iliyo jamaa ya Kiewe na Kifon cha leo. Usidhani aliionea fahari lugha hiyo. Alitaka mabwana waifahamu ili waepuke wizi na mauaji. Kamusi ya kumlinda bwana dhidi ya mtumwa wake! Mswada ulikaa takriban miaka 200 kabla ya kuchapishwa.

Kwa muda mrefu nimewahubiria wanafunzi wangu kwamba lugha isiyoandikwa hupotea. Ouro Preto ilinisuta. Lugha aliyoiandika Peixoto haizungumzwi tena mitaani humo, lakini neno la mama wachuuzi lingali kibaoni, na kila asubuhi mtu hulitamka akiagiza kahawa.

Nyumbani kwangu nina mswada wa kamusi ya lugha ya mama yangu, kazi ya miaka mingi. Hata hivyo, hakuna mjukuu wangu anayeweza kuniomba maji kwa lugha hiyo. Niliagiza quitanda, nikala kimyakimya. Niliporejea, jambo la kwanza nililofanya ni kuwaita wajukuu mezani, na mswada nikauacha kabatini.