Zamu ya Maji: Kelele na Adabu katika Mabwawa ya Minneapolis na Saint Paul

Mwaka 1910, katika mtaa wa Camden ulio kaskazini ya mji wa Minneapolis, kando ya kijito cha Shingle, palifunguliwa nyumba ambayo mtu akiipanga leo atadhaniwa kuwa anafanya mzaha: ghorofa ya chini ilikuwa ya waogaji wa bwawa la umma, na ghorofa ya juu ilikuwa maktaba. Gharama ilitolewa na Charles C. Webber na mkewe, naye Webber alikuwa mjukuu wa yule John Deere aliyejitajirisha kwa plau za chuma; na nyumba yenyewe ilikuwa ukumbusho wa mtoto wao wa kiume aliyefariki, ambaye alichukua jina la babu wa baba yake. Katika tarehe ya miji hii pacha sijaona jambo linalonipendeza kuliko hili, maana limekusanya chini ya paa moja vitu viwili ambavyo desturi ya dunia ni kuvitenga kwa amri, yaani makelele ya watoto na ukimya wa wasomaji. Kiangazi cha Minnesota ni kifupi, na zama zile mashine za kupoza hewa hazijawa mali ya maktaba. Madirisha yalikuwa ya kufunguliwa, na yamkini msomaji aliyekaa juu na kitabu chake alisikia vizuri nani amemrushia nani maji chini.

Jambo la kushika ni kwamba aliyeijenga nyumba ile hakutaka watoto wanong'one wala wasomaji wazibe masikio: aliweka sakafu katikati yao. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo siri ya habari yote inayofuata, kwa kuwa watu walioshirikiana maji katika miji hii hawakuwahi kupata amani kwa kunyamazishana. Waliipata kila walipogawana, ama kwa sakafu, ama kwa siku, ama kwa saa.

Mlango wa maji ya umma katika miji hii ulifunguliwa na matabibu. Dakta Justus Ohage wa Saint Paul, mzaliwa wa Ujerumani, aliyekwisha kujipatia sifa mwaka 1886 kwa kumkata mgonjwa kibofu cha nyongo na mgonjwa akapona, kazi ambayo haijapata kufaulu Marekani kabla yake, alipokabidhiwa afya ya mji aliona kwamba maradhi mengi ya makabwela hayatibiki kwa kisu, bali kwa maji, hewa na jua. Basi mwaka 1900 akakinunua kwa fedha zake mwenyewe kisiwa cha Harriet kilichokuwa katika mto Mississippi, mkabala wa mji, akakitoa kwa umma kiwe mahali pa kuoga na kucheza. Minneapolis nayo ilifuata mwaka 1905 kwa kisiwa cha Hall, kilichopata jina la daktari wa afya wa mji huo. Hivyo maji ya umma yalianza kama dawa, si kama starehe, na kelele zikaja na wagonjwa ambao hawakujua kuwa ni wagonjwa.

Dawa ile haikudumu. Mto ulikuwa mmoja na miji ni miwili, na Minneapolis ndiyo iliyokaa juu ya mkondo, hata kila ilichokimwaga kikawa kinamshukia jirani. Mwaka 1917 ulimalizika ukuta mkubwa wa kuzuia maji kati ya miji hiyo, na nyuma yake uchafu ukatuama. Mwaka 1919 mahali pa kuogea pa Harriet pakafungwa kwa sababu mto ulikuwa haufai tena kuingiwa na mwili wa binadamu, na mtambo wa kusafisha maji taka ya miji yote miwili haukuanza kazi mpaka mwaka 1938. Tunapozungumza juu ya adabu ya maji ya shirika, aghalabu tunamtafuta mtoto anayepiga ukelele na kijana anayeruka akawarushia wengine maji. Lakini utovu wa adabu ulio mkubwa kuliko wote katika mabonde haya haukuwa na sauti hata kidogo. Ulipita ndani ya mabomba, usiku na mchana, na waliohusika nao walikuwa watu wazima wenye vyeo na mihuri.

Palepale Camden, mwezi wa Julai 2015, lilifunguliwa bwawa jipya ambalo halitiwi klorini, la kwanza la umma la namna hiyo nchini Marekani: maji hutolewa bwawani, hupitishwa katika kokoto na mizizi ya mimea ya majini, wadudu wasioonekana kwa macho wakala uchafu, kisha hurudishwa kwa waogaji. Katika bwawa kama hili adabu haiwezi kubaki maneno ya ubaoni, kwa kuwa hapana dawa ya kuficha kosa la mtu. Asiyejimwagia maji kabla ya kuingia huwaongezea kazi wale wadudu na mimea ile, na waogaji wenziwe hulipia.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwenye suala la nani aingie na nani. Mabwawa ya kwanza ya umma nchini humo, kama yale yaliyofunguliwa Philadelphia mwaka 1883, yalikuwa na siku za wanaume na siku za wanawake, na waliosikika zaidi walikuwa watoto wa kiume wa vibarua, ambao walileta bwawani tabia yote ya mtoni: kupigana, kuzamishana, kupiga makelele mpaka jua lichwe. Mwanahistoria Jeff Wiltse, aliyeandika kitabu juu ya habari za mabwawa ya Marekani mwaka 2007, ameonyesha jambo la kuhuzunisha, nalo ni kwamba katika miaka ya 1920 na 1930, ukuta uliotenga wanaume na wanawake ulipovunjwa, katika miji mingi ulijengwa mwingine wa kutenga weusi na weupe. Weusi walipoingia bwawa la Highland Park huko Pittsburgh mwaka 1931 walipigwa; na Saint Louis mwaka 1949, bwawa lilipofunguliwa kwa wote, palizuka fujo iliyoushtua mji mzima.

Minnesota ilikuwa na sheria yake tangu mwaka 1885 iliyokataza mtu kuzuiliwa mahali pa umma kwa sababu ya rangi, na kwa jambo hilo yastahili sifa. Lakini sheria ililinda mlango wa bwawa, haikulinda mtaa lililomo. Hati za nyumba nyingi za Minneapolis zilikuwa na sharti kwamba nyumba isiuzwe wala kupangishwa kwa mtu mweusi, na mradi wa Chuo Kikuu cha Minnesota ulioanza mwaka 2016 umezichimbua hati hizo na kuzichora katika ramani, hata mtu huona kwa jicho lake jinsi baadhi ya mitaa mizuri ilivyofungwa kwa wino. Huko Saint Paul, barabara kuu iliyopasuliwa katikati ya mtaa wa Rondo katika miaka ya 1950 na 1960 iliwatawanya watu weusi waliokuwa wamekaa pamoja. Ni taabu kumfundisha adabu ya bwawa mtu ambaye kwanza umemhamisha mbali nalo.

Kisha bwawa lenyewe likahamia uani. Mwaka 1950 jamaa zilizokuwa na bwawa lililochimbwa nyumbani Marekani nzima zilikadiriwa kuwa 2,500 tu. Kufikia mwaka 1999 zilikuwa milioni 4. Kati ya bwawa la mji na bwawa la uani likazaliwa la tatu, bwawa la jumuiya, linalomilikiwa na wakaazi wa mtaa mmoja au wapangaji wa majengo mamoja, nalo ndilo lenye magomvi mengi, kwa kuwa kila aingiaye hujiona mwenye nyumba na humwona mwenziwe kuwa mgeni. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1973, katika shauri la bwawa la jumuiya la Wheaton-Haven huko Maryland, kwamba chama cha namna hiyo hakiwezi kumkataa jirani kwa weusi wake kwa kisingizio cha kuwa ni klabu ya watu binafsi. Uamuzi ulikuwa wa haki. Ila nadhani tangu hapo malalamiko yalijifunza kuvaa nguo nyingine, na mtu ambaye zamani angeambiwa rangi yake, sasa aliambiwa kuwa wageni wake ni wengi mno na watoto wake hawana utulivu.

Sisemi kwamba kelele ni uzushi. Ukiingia katika bwawa la ndani siku ya baridi ya Januari, nje theluji imefika magotini na humo ndani watoto thelathini wamo majini, utajua kuwa ni adha ya kweli: vigae, vioo na uso wa maji vyote ni vigumu, havimezi sauti bali huirudisha, ukelele mmoja hutembea kutoka ukuta hadi ukuta kabla ya kufa, na kabla haujafa umekwisha kufuatwa na mwingine, hata kila mtu hupandisha sauti ili ashinde sauti yake mwenyewe iliyomrudia. Juu ya hayo kuna filimbi ya mlinzi: mlio mmoja mfupi humwita mwogeleaji, miwili mifupi humwita mlinzi mwenziwe, na mrefu hutangaza hatari. Mzee aliyekuja kunyoosha viungo vyake, akienda na kurudi katika mstari wake, ana haki ya kunung'unika.

Lakini mwulize mlinzi mwenyewe anachokihofu. Frank Pia, aliyekuwa mlinzi wa ufuko wa Orchard huko New York, alichunguza watu wanaozama na kuwapiga picha za sinema mnamo 1970, akabainisha kwamba azamaye kwa kawaida haiti: kinywa chake huzama na kuibuka, pumzi anayoipata haitoshi kwa kuvuta na kusema, na mikono haina nafasi ya kupunga kwa kuwa inakandamiza maji. Kwa hiyo mtoto anayepiga kelele ana pumzi, na mlinzi mwema humgeukia zaidi yule aliyenyamaza ghafula. Sheria ya kutaka watoto wakae kimya bwawani, kama ingeweza kutekelezwa, ingemfumba mlinzi jicho moja.

Wenye kusoma Kiswahili hawahitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa utaratibu bora. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, aliagiza ijengwe hamamu ya umma katika Mji Mkongwe, na mtaa wake mpaka leo unaitwa Hamamni; iliendelea kutumika mpaka mwaka 1920. Wanaume na wanawake hawakukutana humo, kila jinsi ilikuwa na wakati wake, na aliyetangulia alijua kuwa yuko ajaye nyuma yake. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliziorodhesha adabu za hamamu katika Ihyau Ulumid-Din, katika mlango wa twahara: mtu ajisitiri, ainamishe macho, asimwage maji zaidi ya haja yake, na asiwe na maneno mengi. Maneno mengi yamo katika orodha, naam, lakini sitara na jicho vimetangulia, na mpango huo si wa bahati.

Utaratibu huohuo wa zamu ulifika Saint Paul mwaka 2013 kwa mlango usiotarajiwa, yaani mlango wa polisi. Wasomali waliokwisha kukaa katika miji hii pacha ni wengi kuliko katika mji wowote mwingine wa Marekani, na baadhi yao walipitia Dadaab na Eastleigh nchini Kenya, hata Kiswahili si kigeni masikioni mwao. Na katika jimbo lenye maziwa zaidi ya 10,000, mabinti zao wengi hawakujua kuogelea, kwa kuwa mama hakuweza kumruhusu binti avue stara mbele ya wanaume. Idara ya polisi ya Saint Paul na chama cha YMCA wakapanga saa moja ya mafunzo katika bwawa la Midway kwa wasichana wa miaka 5 hadi 17: waogeleaji wengine walitoka majini, chumba cha kubadilishia nguo kilifungwa, na walinzi wote walikuwa wanawake. Hapo ndipo kelele zikapata ruhusa, kwa sababu hapakuwa na wa kumkera. Walalamikaji walitokea, wakisema kwamba bwawa la wote limefungwa kwa ajili ya dini ya wachache. Nami nawasikiliza kwa insafu, maana saa aliyopewa mmoja kwa hakika ameondolewa mwingine. Ila babu zao wenyewe waliogea kwa siku za wanaume na siku za wanawake bila kuona kwamba jamhuri imeanguka, na mzee wa mstari, anapotengewa alfajiri yake asiingiliwe na watoto, haambiwi kuwa ametaka upendeleo.

Minneapolis imelipima jambo hili hata nje ya maji. Tarehe 13 Aprili 2023 baraza la mji lilibadili sheria ya kelele ili adhana iruhusiwe kwa vipaza sauti nyakati zote tano, baada ya kuwa sheria ya zamani, kwa kuzuia sauti kabla ya saa moja asubuhi na baada ya saa nne usiku, ilikuwa ikiinyima Alfajiri na, katika siku ndefu za kiangazi, Isha. Hapa pia suala la nani anyamaze lilimalizwa kwa kuhesabu saa.

Na katika mtaa wa Phillips, uliojaa Wasomali, Walatino, Wahindi wekundu na watu weusi, bwawa la ndani lilifungwa mwaka 2008, wakaazi wakalipigania takriban miaka kumi kwa vikao, maombi na michango, mpaka likafunguliwa tena mwaka 2018 likiwa na mabwawa mawili badala ya moja: kubwa la wanaokwenda na kurudi katika mistari yao, na dogo la kufundishia, ambako watoto wa mtaa hupiga miguu na kumeza maji. Paa la mawili hayo lingali moja, na saa za kila kundi bado hujadiliwa msimu baada ya msimu, kila mmoja akija na ratiba yake mkononi.