Interfaith America
Interfaith America ni taasisi ya Marekani yenye makao Chicago, inayowakutanisha vijana wa dini mbalimbali, na wasio na dini, katika kazi za kujitolea. Eboo Patel, Mwislamu wa madhehebu ya Ismailia, aliianzisha mwaka 2002 kwa jina la Interfaith Youth Core. Jina la sasa ni la 2022. Njia ya taasisi hiyo ni kutanguliza kazi: vijana hugawa chakula pamoja, kisha kila mmoja hueleza imani yake inavyomsukuma. Utaratibu huo una mashiko. Mwanasaikolojia Gordon Allport alieleza mwaka 1954 kwamba chuki hupungua watu wakikutana kwa usawa na kufuata lengo moja. Kuonana tu hakutoshi.

Wapinzani huhofia imani kuchujuka. Hofu hiyo ingekuwa ya haki kama watu wangelazimishwa sala moja, lakini hapa haombwi mtu kukiri lisilo lake. Kijana anayeulizwa kwa nini analisha wenye njaa humbidi aijue dini yake vizuri zaidi. Nzito zaidi ni hoja kwamba huja walio tayari kuelewana tu. Ndiyo maana kuipeleka kazi hiyo vyuoni, kama serikali ya Obama ilivyohimiza mwaka 2011, kulifaa: chuo hukutanisha hata wasiochaguana.