Bakuli la Maua ya Buluu
Staffordshire, Uingereza, karne ya 19

Maua haya hayakuchorwa kwa brashi. Yalichongwa kwanza kwenye bamba la shaba, mstari kwa mstari, nukta kwa nukta. Bamba lilipashwa moto, likapakwa rangi nzito ya kobalti iliyochanganywa na mafuta, kisha likachapwa kwenye karatasi nyembamba. Wafanyakazi, wengi wao wanawake, waliikata karatasi hiyo, wakaibandika kwenye bakuli lililokwisha kuchomwa mara moja, wakaisugua kwa nguvu na kuiosha. Karatasi ilitoka, maua yakabaki. Ndipo bakuli likapakwa utando wa kung'aa na kurudishwa tanurini.

Kobalti ilipendwa kwa kuwa huhimili moto mkali. Mfinyanzi Josiah Spode aliikamilisha mbinu hii mjini Stoke mnamo 1784, na vyombo vya kukumbusha kauri ghali za China vikafika mezani kwa watu wa kipato cha kawaida.

Kagua ukingo taratibu. Mahali ua linapokatika ghafla, na jani likakosa shina lake, ndipo vipande viwili vya karatasi vilipounganishwa. Hiyo si kasoro ya kuficha. Ni sehemu tunayoithamini kuliko zote, maana inaonyesha waziwazi kazi ya mbandikaji.